Herufi zenye ukungu: macho au kompyuta?

Katika familia nyingi kompyuta imekwisha kuingia sebuleni, mara nyingi ya mitumba, na malalamiko yameingia pamoja nayo. Mtoto anaumwa kichwa, baba anakunja uso akisoma, bibi anasema herufi zina ukungu. Wengi hukimbilia miwani inayouzwa barabarani bila kupimwa. Tunashauri kwamba kabla ya kutoa fedha ijulikane kwanza mgonjwa ni nani.

Kipimo ni chepesi. Anayelalamika ashike kitabu penye mwanga wa kutosha, kwa umbali ule ule aliokuwa akisomea kompyuta. Kisha atazame kalenda iliyo ukutani. Ukungu ukimfuata kote huko, kompyuta haina hatia. Aende kupimwa macho. Aliyefika miaka 40 hivi asishangae kushindwa kusoma vya karibu, kwani ni mabadiliko ya umri. Lakini kama kitabu kinasomeka vizuri, na wengine nyumbani nao wanaona ukungu kwenye skrini, basi kosa ni la skrini.

Skrini bapa ina nukta ndogo za mwanga ambazo idadi yake haibadiliki. Nyingi zina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo; kompyuta nyingi za zamani za mapajani zina 1366 kwa 768. Idadi hiyo huitwa rezolusheni. Kompyuta ikituma picha ya nukta 1024 kwa 768 kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, picha hulazimika kuvutwa ili ijae, na kingo za herufi hufifia. Mara nyingi hata nyuso za watu huonekana pana kupita kiasi. Msomaji hukaza macho na kusogeza kichwa mbele, mwisho shingo na kichwa vinauma.

Mara nyingi kosa hili hufanywa kwa nia njema: kijana anapunguza rezolusheni ili bibi apate herufi kubwa. Anazipata kweli, lakini zenye ukungu! Katika Windows, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini, fungua mipangilio ya skrini, urudishe rezolusheni kwenye ile iliyoandikwa kuwa inapendekezwa. Hapo hapo kuna ukubwa wa maandishi kwa asilimia. Ongeza huo, ufike 125 au 150. Herufi zitakua bila kufifia. Skrini ikiwa nyeusi baada ya kubadilisha rezolusheni, usiguse kitu; ukingoja sekunde 15 hivi, mpangilio wa awali hurudi wenyewe.

Pengine rezolusheni inayofaa haimo kabisa katika orodha. Hii hutokea sana fundi anapoweka Windows upya na kuacha programu endeshi ya kadi ya picha. Mwambieni aiweke, na msikubali kuuziwa skrini nyingine kabla ya hapo. Waya nao ukazwe pande zote mbili.

Baada ya hayo yote macho yanaweza bado kuwasha na kukauka, kwa sababu anayekodolea skrini hupepesa kope mara chache kuliko kawaida. Skrini iwe mbali kiasi cha urefu wa mkono, sehemu yake ya juu isizidi usawa wa macho. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Mti wa jirani unatosha.

Yapo mambo ambayo hayana uhusiano na rezolusheni: kupoteza uwezo wa kuona ghafla, jicho kuuma na kuwa jekundu, kuona duara za rangi kuzunguka taa, kuanza kuona kitu kimoja kama viwili, au mtoto kuamka na maumivu ya kichwa pamoja na kutapika. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama zilimwanza akiwa mbele ya kompyuta.