Seli za kitovu na majeraha ya moto



Mtume (s.a.w.) ametufundisha kujitibu, kwani kila maradhi yana dawa. Moja ya vitu wanavyochunguza watafiti ni kiungamwana, ule utepe wa kitovu ambao majumbani mwetu huzikwa au kutupwa. Ndani yake mna seli shina, yaani seli changa ziwezazo kuzaa seli za aina nyingine. Mwaka 1988 huko Paris, Profesa Eliane Gluckman na wenzake walimtibu mtoto mwenye maradhi ya damu kwa damu ya kiungamwana cha mdogo wake.

Je, seli hizo huponya ngozi iliyoungua? Katika majaribio zimeonekana kuamsha seli za ngozi ili kidonda kifunge. Lakini huo bado ni utafiti, si tiba ya kawaida hospitalini. Basi anayekuuzia krimu ya "seli shina" usimpe fedha yako. Seli hai hutunzwa kwenye baridi kali ya maabara, hazikai koponi.

Mwanao akiunguzwa na uji hapo Lionja, mvue nguo isiyogandana na ngozi, kisha mmwagie maji safi ya mtungi kwa kata, dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Funika kwa kitambaa safi, umwahishe zahanati. Jeraha kubwa, au la usoni, mikononi na sehemu za siri, lipelekwe hospitali ya Nachingwea au Ruangwa siku hiyo hiyo.

Watoto ni amana. Wallahu a'lam.