Mfundishe mwanao kuainisha viumbe kwa mbegu za jikoni

Je mzazi, mwanao amewahi kukuambia kuwa popo ni ndege kwa sababu anaruka? Usimcheke wala kumkaripia. Huenda amekariri majina ya makundi ya viumbe, lakini hajawahi kupanga chochote kwa mikono yake.

Leo changanya kwenye ungo mahindi, maharagwe, kunde, ndengu na mtama. Mwambie atenge mafungu mawili, kisha akueleze sababu. Akianza na rangi au ukubwa, mwache. Usiku zilowekeni mbegu hizo, na kesho yake mzimenye. Maharagwe, kunde na ndengu zitapasuka vipande viwili. Mahindi na mtama, la.

Sasa tafuteni majani. Jani la mhindi lina mishipa iliyonyooka sambamba. La mharagwe lina mishipa kama wavu. Muulize: je, muwa uko kundi gani? Akilitazama jani lake atajibu mwenyewe, hata bila kuiona mbegu yake. Hiyo ndiyo faida ya kuainisha.

Kisha mrudieni popo. Mwili wake una nywele, si manyoya ya ndege. Tena huzaa na kunyonyesha. Basi ni mamalia.

Mtoto akikosea, asivunjike moyo. Mwaka 1735 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alimweka nyangumi pamoja na samaki. Mwaka 1758 akamhamishia kwa mamalia. Nawe mpe mwanao nafasi ya kupanga upya.