Mlima Parasnath na Hija ya Wajaini

Katika sharika za Ngara na Biharamulo tumezoea kuwaita wafanyabiashara wote wenye asili ya Bara Hindi kwa jina moja tu, "Wahindi", na kuijumlisha dini yao yote katika neno "sanamu". Hata wanafunzi wetu wa theolojia, waandikapo insha juu ya dini za ulimwengu, huumaliza Ujaini kwa sentensi mbili. Lakini Wajaini ni majirani wa siku nyingi katika Afrika Mashariki. Hekalu lao la Mombasa lilijengwa kwa marumaru na kufunguliwa mwaka 1963, na wengi wa Wajaini wa Kenya ni watu wa jamii ya Oshwal, ambao wazee wao walitoka Gujarat. Makala hii yakusudia kueleza jambo moja la imani yao, yaani hija ya mlimani, kama tulivyoiona huko India.

Tulikuwa wageni wa ndugu zetu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Gossner, mjini Ranchi, katika jimbo la Jharkhand. Kanisa hilo ni tunda la kazi ya wamisionari Wajerumani waliofika mwaka 1845. Lilianza kujitegemea mwaka 1919, nalo lina chuo chake cha theolojia. Kutoka Ranchi ni safari ya saa chache kwa gari hadi kijiji cha Madhuban, penye mguu wa Mlima Parasnath. Mlima huo una kimo cha mita zipatazo 1,365, nacho si kimo cha kumtisha mtu wa Ngara. Kinachochosha ni njia yenyewe: kilometa 9 za kupanda, 9 za kuvizunguka vilele, na 9 za kushuka. Mahujaji huanza kupanda usiku wa manane ukiisha kupita, wengi wao bila viatu, na wako wasioonja chakula wala maji mpaka warudi bondeni.

Kwa nini mlima huu? Wajaini hufundisha kwamba katika zama zetu wametokea walimu wakuu 24, waitwao Tirthankara, maana yake watengenezaji wa kivuko. Sisi tuishio karibu na Kagera na Ruvubu twaielewa lugha hiyo bila mkalimani. Kwa mapokeo yao, 20 kati ya hao 24 walipata ukombozi wao wa mwisho juu ya Parasnath, na wa 23, Parshvanatha, ndiye aliyeupa mlima jina. Mahavira, ambaye ni wa mwisho, alifia Pawapuri. Juu ya vilele vimejengwa vihekalu vidogo kwa kumbukumbu yao, na ndani, mahali ambapo tulitazamia sanamu, mara nyingi tulikuta nyayo mbili zilizochongwa juu ya jiwe.

Hapo ndipo tulipokosea. Tuliwaona watu wakiinama mbele ya nyayo, tukadhani wanaomba watoto, afya au biashara njema. Mzee mmoja, aliyezaliwa Mombasa na ambaye alifurahi mno kupata watu wa kuzungumza nao Kiswahili, alitusahihisha.

"Hapana, mchungaji. Huyu hatusikii. Ameshaondoka."

Tukamwuliza, "Basi, mzee, kwa nini mnampandia?"

"Ili tukumbuke kwamba njia inapitika."

Jibu hilo lahitaji maelezo. Wajaini hawafundishi kwamba yuko Mungu aliyeumba ulimwengu. Kila tendo, hasa la kudhuru, huigandamia nafsi kama vumbi. Vumbi hilo ndilo karma. Hakuna awezaye kukufutia. Hupukutika kwa kufunga, kwa kweli, na kwa kujitenga na kila namna ya kuumiza chenye uhai, hata mdudu. Kwa sababu hiyo Wajaini washikao sana dini hawali viazi wala vitunguu, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea na viumbe vidogo vya udongoni. (Mkulima wa muhogo wa Biharamulo na atafakari jambo hilo!)

Mlutheri hupenda kujibu upesi kwamba haya ni matendo, na kwamba Luther alikwisha kuyakemea mambo ya hija mwaka 1520 katika waraka wake kwa wakuu wa Ujerumani. Fundisho hilo hatukuliacha mlimani. Lakini Luther alibishana na watu waliotaka kumlipa Mungu kwa miguu yao. Hujaji wa Parasnath hamlipi yeyote, wala hatazamii kupewa. Hoja yetu ya kawaida humpita pembeni. Tofauti ni nzito kuliko tulivyodhani: kileleni hakuna anayemngoja. Mhubiri atakayetaka kuzungumza naye habari za yule baba wa Luka 15, aliyetoka mbio kumlaki mwanawe, na aanzie hapo, si kwenye sanamu.

Kuna jambo la pili, ambalo halimo katika vitabu vingi vya kufundishia. Mlima huo una wenyewe wengine. Wasanthal, wenyeji wa nchi ile, huuita Marang Buru, Mlima Mkuu. Huabudu hapo na kutoa dhabihu za wanyama, na kila mwaka, mbalamwezi ikijaa katika Aprili au Mei, hufanya uwindaji wa kimila. Mahali pale pale ambapo Mjaini huogopa kukanyaga sisimizi, Msanthal humchinjia Mungu wake kuku.

Mgogoro ulidhihirika mwanzoni mwa 2023. Wajaini katika miji mingi waliandamana kupinga mlima kufanywa mahali pa utalii, na mtawa mmoja aliyekuwa amefunga kwa ajili hiyo alifariki mjini Jaipur tarehe 3 Januari. Siku mbili baadaye serikali kuu ikasimamisha shughuli za utalii na kusisitiza katazo la nyama na pombe mlimani. Wajaini wakashukuru. Wasanthal, kwa upande wao, wakakusanyika mwezi huo huo wakiuliza ni nani aliyetoa mlima wa babu zao. Mwenyeji wetu wa Ranchi, mchungaji wa kabila la Munda, alitusimulia habari hizo kwa sauti ya chini, maana wazazi wa wazazi wake nao walikuwa na miti yao ya kuabudia.

Na sisi? Tunavyo vilima vya matambiko, ambavyo wazee wa Kanisa walitufundisha kuvipita bila kugeuka, na mapori ambayo tangu mwaka 2019 yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Ni vigumu kukumbuka lini mara ya mwisho baraza la usharika lilimwita mzee wa kijiji kumwuliza kilima kile kiliitwaje, na nani alizikwa pale.

Mahujaji wazee na wagonjwa hupandishwa Parasnath kwa machela, na wachukuzi wengi ni wenyeji. Tulipokuwa tukishuka tulipumzika pamoja na mchukuzi mmoja, Msanthal, bega lake likiwa limeota sugu. Tukamwuliza, kwa msaada wa mwenyeji wetu, kama nyayo zile za kileleni zina maana yoyote kwake. Alisema kwamba huwapeleka watu mpaka mlangoni, kisha hungoja nje. Siku ya mbalamwezi hupanda tena kwa njia ile ile, bila machela.