Rimoti ya Ndege ya Mfano: Kifaa Kinachopaswa Kufuata Mkono

Rimoti ya ndege ya mfano hupeleka nia ya binadamu kutoka vidoleni hadi kwenye mabawa, na kwa kuwa vidole vya watu havilingani kwa urefu, nguvu wala wepesi, kifaa kilichotoka kiwandani kwa kipimo kimoja hakiwezi kumfaa kila mtu bila kurekebishwa.

Mwongozaji anaposukuma kijiti, sensa iliyo chini yake hupima pembe ya kijiti hicho na kuigeuza kuwa tarakimu, ambayo husafirishwa kwa mawimbi ya redio, siku hizi mara nyingi katika masafa ya gigahezi 2.4, hadi kwenye kipokezi kilichomo ndani ya ndege. Kipokezi nacho huiamuru sevo, yaani mota ndogo inayogeuka hadi pembe iliyoagizwa na kutulia hapo, kwa mipigo ya umeme ambayo kwa kawaida hurudiwa mara 50 kwa sekunde: mpigo wa milisekunde 1.5 huiweka sevo katikati, wa milisekunde 1 huipeleka upande mmoja, na wa milisekunde 2 huipeleka upande wa pili.

Marekebisho ya kwanza huhusu mwili. Wapo waongozaji wanaotumia ncha za vidole gumba peke yake, ambao hufaidika na vijiti vifupi, na wapo wanaobana kijiti kati ya gumba na kidole cha shahada, ambao hupendelea virefu, kwani kijiti kirefu hudai mwendo mkubwa zaidi wa kidole kwa pembe ileile na hivyo huongeza usahihi. Springi zinazorudisha vijiti katikati nazo hukazwa au kulegezwa kwa skrubu ndogo: zikikazwa mno huchosha misuli ya kiganja, na zikilegea mno kijiti huyumba kwa mguso mdogo.

Marekebisho ya pili hufanywa katika programu, na lililo muhimu zaidi ni mkunjo wa mwitikio, yaani kanuni inayofanya ndege iitikie kwa upole kijiti kikiwa karibu na katikati na kwa nguvu zaidi kinapokaribia mwisho. Mkono wa mtu mwenye afya njema pia hutetemeka kidogo, na bila mkunjo huo mtetemo huo unaweza kuonekana angani. Kwa mfano, katika kanuni ya kipeo cha tatu, mkunjo wa asilimia 40 hufanya kijiti kilichosukumwa nusu ya mwendo wake kitoe asilimia 35 tu ya amri badala ya 50, ilhali mwisho wa mwendo hubaki asilimia 100. Tahadhari ni kwamba watengenezaji hawakubaliani kuhusu alama: kwa baadhi yao namba chanya hulainisha mwitikio, na kwa wengine hasi ndiyo hulainisha, hivyo anayehamisha namba kutoka rimoti moja hadi nyingine anaweza kupata kinyume cha alichokusudia.

Wapenzi wengi wa mchezo huu hutumia fedha kutafuta rimoti yenye mawasiliano ya kasi zaidi, lakini binadamu huchukua takriban milisekunde 200 kuitikia alichokiona, ilhali rimoti nyingi za kisasa humaliza kazi yao ndani ya makumi machache ya milisekunde. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji imo mwilini, na kwa sababu hiyo kijiti kinachoukubali mkono humsaidia mwongozaji wa kawaida kuliko milisekunde chache zilizookolewa hewani.

Rekebisho lisilopaswa kuachwa ni agizo la dharura, linalokielekeza kipokezi la kufanya mawasiliano yanapokatika, ambalo kwa ndege ya mota ya umeme huanza na kuizima mota. Agizo hilo hujaribiwa ardhini kwa kuzima rimoti huku ndege ikiwa imewashwa na kufungwa imara, baada ya kuondoa propela, kwa sababu propela inayozunguka hukata vidole. Anayeanza kurekebisha rimoti yake abadilishe jambo moja tu kwa wakati, aandike thamani ya zamani kabla ya kuweka mpya, na asirushe ndege kabla ya kuhakikisha kwamba kila usukani unaoendeshwa na sevo unageukia upande unaostahili.