Kuivisha Ardhi Picha: Mfano wa Mbwera

Mwaka 1974, Edwin Catmull wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alionyesha jinsi kompyuta iwezavyo kulivisha umbo picha, kama mto uvishwavyo foronya. Kila nukta ya umbo hupewa nukta yake katika picha. Kwa njia hiyo, picha ya Mbwera, katika delta ya Rufiji, huweza kutandazwa juu ya vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kwa rada na chombo cha anga Endeavour, Februari 2000. Lakini mawimbi ya rada hiyo yalirudishwa na majani na matawi ya mikoko kabla ya kufika matopeni. Hivyo msitu huonekana kama ardhi iliyoinuka, na mkadiriaji wa mafuriko huweza kupotoka. Picha nzuri haisahihishi umbo lenye kosa. Sharti kwanza urefu wa miti uondolewe.