Mshipi Asiouona Samaki, Akauona Baba

Ukitaja neno "mshipi" katika darasa letu, wengi watashika kiuno. Watafikiri ni ule ukanda wa suruali. Mimi pia, mtu wa Nyeri, nilikuwa hivyo hadi likizo iliyopita, nilipokaa wiki sita na kaka yangu mtaani Al Mansoura, jijini Doha. Huko ndiko nilikojifunza kwamba mshipi ni uzi wa kuvulia, na kwamba kuuchagua si jambo la kuchukua tu kilicho karibu dukani.

Kaka ni fundi wa viyoyozi. Analala chumba kimoja na wenzake watatu, si mbali na kituo cha metro cha Al Mansoura. Mmoja ni mzee wa Lamu, mvuvi wa zamani ambaye siku hizi ni mlinzi wa usiku. Chumba kizima humwita Ami.

Jioni ya kwanza kaka aliniuliza, "Ile roli ya mshipi niliyompelekea Mzee mwaka jana, anaitumia?"

Nilicheka. "Anaitumia. Imefunga nyanya za Mama."

Ilikuwa nailoni ya unene wa milimita 0.40. Muuzaji alimhakikishia kwamba hata nguru hawezi kuikata, na kwa nyanya walau hakukosea. Misimu miwili ya mvua imepita na nyanya bado zimesimama. Lakini Mzee havui nguru. Anavua trauti.

Wasiotoka milimani huenda hawamjui samaki huyu. Trauti si mwenyeji wa Kenya. Yule wa kahawia aliletwa mwaka 1905, pale Ewart Grogan alipoagiza mayai kutoka Uskoti na kuyatia katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Yule wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni magharibi ya Amerika Kaskazini, alifuata baadaye. Wote wanataka maji baridi yenye hewa nyingi, ndiyo maana huwapati kule chini kwenye joto. Baba alianza akiwa kijana wa kubeba vifaa vya wageni waliokuja kuvua. Leo ana leseni yake mwenyewe, fimbo fupi aliyoachiwa na mgeni mmoja, na kijito kimoja kinachomwaga maji yake Gura. Kijito hicho ni chembamba, mahali pengine unakiruka.

Nilikuwa na jambo jingine la kumwambia kaka. Kabla sijaondoka, Mama alinipa kikopo chenye ndoana 24 za nzi bandia. Akaninong'oneza, "Baba yako ana mtoto wa jicho. Hawezi tena kuzifunga. Miezi minne hajaenda mtoni, kila nikimuuliza anasema maji yamejaa." Maji hayakuwa yamejaa.

Basi ndilo tatizo tulilokaa nalo Al Mansoura: mshipi ambao trauti hauoni, Baba naye hauoni.

Tuanze na samaki. Katika kijito, trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, akingoja mkondo umletee wadudu. Hali kila kitu. Mdudu wa kweli huelea bila kushikwa na chochote, na nzi bandia asipoelea vivyo hivyo, samaki humwacha apite. Kinachomharibu nzi huyo mara nyingi ni mshipi mnene.

Hesabu yake ni fupi. Ukiongeza unene wa mshipi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne, kwa sababu nguvu hufuata eneo la duara. Hapo mnunuzi hufurahi. Lakini ugumu wa kupinda huongezeka mara kumi na sita. Ule mshipi wa nyanya, wa milimita 0.40, ni mgumu karibu mara 50 kuliko wa 0.15. Funga nzi mdogo kwenye kitu kigumu namna hiyo, na atakwenda majini kama aliyefungwa kwenye waya.

Kwa kijito, kipande cha mwisho kinachobeba ndoana kinatosha kikiwa na unene wa 0.13 hadi 0.18. Ule wa 0.15 hubeba takriban kilo mbili, na trauti wa kijito chetu ni nadra kufika nusu kilo. Ukikuta roli imeandikwa 4X au 5X badala ya milimita, usibabaike. Toa namba hiyo kutoka 11, jibu ni unene kwa sehemu za elfu za inchi. 5X ni sita, yaani kama milimita 0.15. Kumbuka kwamba namba ya X ikipanda, mshipi unakuwa mwembamba zaidi.

Kisha kuna aina. Nailoni, iliyobuniwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, ni laini, hunyumbuka kidogo samaki anaposhtuka, na bei yake ni nafuu. Udhaifu wake ni kwamba hunywa maji na hudhoofishwa na jua, kwa hiyo usitumie roli iliyokaa dirishani. Florokaboni huzama upesi zaidi na haionekani sana majini, kwa kuwa inapinda mwanga karibu kama maji yenyewe, lakini ni ghali na ni ngumu kidogo. Mshipi wa kusukwa una nguvu ya ajabu kwa wembamba wake, ila haunyumbuki, samaki anauona, na ukisuguana na mawe makali unakatika. Huo waachie wa baharini.

Duka tulilokwenda lilikuwa la watu wa bahari. Kwenye rafu za mbele kulikuwa na roli za kuvulia chewa, changu na nguru, samaki wale wale wa pwani yetu. Muuzaji alilazimika kupanda ngazi. Alirudi na nailoni ya 0.15 isiyo na rangi, akaipangusa vumbi, akatutazama kana kwamba tunanunua uzi wa kushonea. Tukaongeza na roli moja ya 0.25, rangi ya chungwa.

Ile ya chungwa ilikuwa ni kwa ajili ya Baba. Tuligawa kazi ya mshipi mara mbili: juu, mita moja ya rangi ambayo jicho lenye ukungu linaweza kuifuata, chini, mita moja nyembamba isiyo na rangi, ambayo ndiyo inayomfikia samaki. Jumla ni mita mbili tu, kwa kuwa kwenye kijito chenye vichaka, mshipi mrefu huvua matawi.

Zikabaki ndoana. Kaka alipendekeza tumnunulie Mzee miwani ya kukuza. Ami alikuwa anakunywa chai kabla ya kwenda zamu. Akasema, "Wanangu, mimi nimefunga ndoana miaka thelathini, na nyingi nimezifunga usiku, chomboni. Mvuvi hafungi kwa macho. Mfungieni mwisho wa ndoana ninyi, mwisho wa pili mwekeeni kitanzi. Kitanzi atakipata kwa kidole gumba."

Akatufundisha fundo: pitisha mshipi tunduni, zungusha mara tano, rudisha ncha katika kitanzi kidogo kilicho karibu na ndoana, lowesha kwa mate, ndipo uvute polepole. Mate si ushirikina. Nailoni ikisuguana kavu hupata joto, na fundo hudhoofika papo hapo. Kisha Ami akazima taa. "Mkiweza gizani, mtajua kama naye ataweza."

Usiku ule tulifunga sita. Tulipozijaribu, tukining'iniza kila moja chupa ya maji ya lita moja na nusu, tano zilikatika, zote kwenye fundo. Mshipi haukuwa na kosa, mikono yetu ndiyo iliyokuwa na kosa. Wiki ya tatu zilikuwa zimekamilika 24, tukazizungushia kwenye vipande vya ndara kuukuu zisisokotane.

Nilifika nyumbani siku ya Ijumaa. Baba alipokea kikopo, hakusema kitu. Alitoa mshipi mmoja, akatembeza kidole gumba mpaka kwenye kitanzi, akakipitisha katika kitanzi cha ule wa chungwa, akavuta. Yote hayo alikuwa ananitazama mimi.

"Nani amefunga?"

"Sisi, Baba. Gizani."

Kesho yake alisema maji yamepungua. Tulikwenda. Mishipi miwili ilibaki kwenye vichaka, nikaingia majini kuitoa, maana nailoni haiozi na ndege hunasa humo. Saa nne hivi ile rangi ya chungwa ilisimama ghafla katikati ya mkondo. Baba aliinua fimbo kabla mimi sijaona lolote. Alikuwa trauti wa kahawia, urefu wa kiganja. Baba alilowesha mikono, akamfungua, akamrudisha.

Njiani kurudi alitembea mbele yangu, kimya, hadi tulipofika kwenye lango letu.

"Mwambie kaka yako alete rangi hiyo hiyo," alisema. "Na ule wa nyanya pia aongeze. Mama yako amepanda safu nyingine."