Tanga Geni Huaminika Likionekana Baharini

Tanga la chombo, pamoja na mlingoti, foromali na kamba zake, hurithiwa na mabaharia sawa na wanavyourithi ubaharia wenyewe, na ndiyo maana anayependekeza tanga la namna nyingine hukabiliwa na shaka ya watu ambao uhai wao baharini hutegemea kile walichokizoea. Shaka hiyo ni ya haki, na dawa yake ni ushahidi.

Mwaka 1960, Mwingereza Blondie Hasler alishiriki mashindano ya kuvuka Atlantiki, kila baharia akiwa peke yake chomboni, kutoka Plymouth hadi New York. Mashua yake, Jester, yenye urefu wa mita 7 na ushei, ilitumia tanga la Kichina, ambalo hugawanywa na fito zilizolazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Upepo ukizidi, baharia hulegeza kamba akiwa pale pale alipoketi, na sehemu za chini zikajikunja moja juu ya nyingine. Ilhali katika jahazi la mwambao foromali, mti mrefu unaobeba tanga la pembe tatu, haina budi kuzungushwa kwenye mlingoti kila chombo kinapobisha, yaani kinapogeuza upande wa upepo, kazi inayohitaji mikono kadhaa. Hasler alifika wa pili kwa siku 48, nyuma ya Francis Chichester aliyetumia 40, na kitabu alichoandika na J. K. McLeod, kilichochapishwa mwaka 1988, kiliwapa wengine vipimo na michoro ya kujitengenezea tanga hilo.

Lamu nako, Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa taka za plastiki na mafundi walioongozwa na Ali Skanda, liliingia majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Tanga lake lilikuwa la jadi na mwili wake ndio uliokuwa mgeni, hivyo nahodha yeyote aliweza kuupima ugeni huo kwa kipimo alichokwisha kukijua.

Hata Malili, mji wa Makueni nchini Kenya ulio mbali na bahari, somo hili la kuamini kilichoshuhudiwa linaeleweka, kwa kuwa mabwawa ya mchanga ya Makueni na Kitui, yanayohifadhi maji ndani ya mchanga, yamejengwa na vikundi vya mwethya, yaani kazi ya pamoja ya Wakamba, na aliyebeba mawe kwa mikono yake hahitaji kushawishiwa kwamba maji yamo mchangani.

Kwa hiyo wapenzi wa tanga geni na walifunge kwenye chombo ambacho wenyeji wanakifahamu, wamkabidhi usukani nahodha anayeheshimika, waliingize katika mashindano ya majahazi, kisha waseme wazi kasoro zake, kwa mfano kwamba tanga la Kichina lililoshonwa bapa huwa zito na huwa dhaifu chombo kikibisha. Baharia aliyeambiwa kasoro mapema ataziamini na sifa, naye ndiye atakayemweleza mwenzake.